Meni swichi inakata, soketi inaungua, bomba linapiga: unaanzia wapi kutafuta tatizo

Hii nawaandikia wenye nyumba wenzangu, waliojenga na waliopanga, ambao hawaogopi kushika bisibisi ila wanataka kujua wanatafuta nini kabla hawajaita fundi. Kuna tabia moja imeenea sana, umeme unakata ndani, mtu anapandisha breka, inakata tena, anapandisha, mwisho anaita fundi, fundi anatoa breka ya ampea 20 anaweka ya 32, haikati tena, analipwa anaondoka. Hapo hakuna kilichotengenezwa jamani. Waya ulioko ukutani ni uleule, sasa hivi unaruhusiwa kupata moto zaidi kabla ya kukatwa, na siku ukiungua utaungulia ndani ya dari ambako huuoni. Breka ikikata imefanya kazi yake na kuna kitu inakuambia, shida ni kwamba wengi hatujui kuisoma.

Vitu vya kuwa navyo: testa, mita ndogo ya kupimia volti (hata ile ya bei ya chini inatosha kwa kuanzia), bisibisi zenye mpini mzima, tochi, karatasi na kalamu. Testa peke yake inadanganya, nitaeleza mbele. Umeme wetu ni volti 230, kabla hujafungua soketi au swichi yoyote zima kule kwenye meni, sio swichi ya ukutani, alafu pima tena palepale unapotaka kushika. Mita ya LUKU na waya unaotoka nguzoni kuja kwenye mita ni vya TANESCO, vina sili, huko hatugusi kabisa.

Meni swichi inakata

Swali la kwanza sio "kwanini", ni "ipi imekata". Inua kile kifuniko kidogo cha mbele cha boksi la meni, sio kile cha skrubu. Utakuta swichi moja pana yenye kibatani kidogo kilichoandikwa T, hiyo ndo RCD, na pembeni yake breka ndogo ndogo zimepangana, kila moja na namba yake, 6 au 10 kwa taa, 20 au 32 kwa soketi, na pengine 32 ya hita au jiko. Kama iliyoshuka ni breka ndogo tatizo ni la aina moja, kama imeshuka ile pana ni aina nyingine kabisa, na ukichanganya hizi mbili utahangaika wiki nzima.

Breka ndogo inakata kwa sababu mbili, mzigo mkubwa au shoti, na unazitofautisha kwa muda. Ukipandisha ikakaa dakika kadhaa ndo ikashuka, huo ni mzigo, ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kikipata joto na joto linahitaji muda. Ukipandisha ikapiga ta! papo hapo, hiyo ni shoti, waya wa moto unagusana na nyutro (waya wa kurudisha umeme) au na ethi (waya wa kwenda ardhini) mahali fulani.

Ya mzigo ni hesabu tu. Gawa wati kwa 230 unapata ampea. Hita ya shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, sasa kama imeungwa kwenye laini ya soketi yenye waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya 20, breka imezidiwa na inaweza kukata mtu akioga kwa muda mrefu, na dawa yake ni kuivutia laini yake yenyewe kutoka kwenye meni, waya wa 4 au 6, breka ya 32, na swichi yake inayokata waya wote wawili. Hakuna njia ya mkato hapo.

Ya shoti unafanya hivi: chomoa kila kitu kwenye laini ile, nasema chomoa sio kuzima, alafu pandisha. Ikishika, rudisha kimoja kimoja, kitakachoiangusha ndo chenyewe. Ikigoma hata ukiwa umechomoa vyote basi tatizo liko kwenye waya, soketi au holda. Kwa laini ya taa zima swichi zote, pandisha breka, washa chumba kimoja kimoja. Kabla hujaanza kubomoa plasta fungua soketi na swichi za laini hiyo moja moja (meni imezimwa) uangalie kwa tochi, maana mara nyingi kosa liko palepale, waya uliobanwa na skrubu ya kufungia soketi mpaka ganda likapasuka, au sisimizi. Wale sisimizi wadogo wanapenda sana kukaa ndani ya soketi na swichi, unafungua unakuta vumbi la kahawia na maiti zao zimejaa katikati ya koneksheni, ukipiga brashi kavu na kubana skrubu upya tatizo limeisha.

Sasa RCD, hii ndo inayosumbua watu wengi na ndo inayoonewa zaidi. RCD haihesabu mzigo. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikikuta kiasi fulani hakijarudi maana yake kinavujia ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu, inakata. Angalia usoni pake pameandikwa kiasi gani, ya kulinda watu ni 30mA, yaani milampea 30, kiasi kidogo sana. Kwahiyo mtu akikwambia "RCD inakata kwa sababu mzigo ni mkubwa" huyo mshukuru na utafute mwingine.

Kuitafuta: shusha breka ndogo zote, pandisha RCD, alafu pandisha breka moja moja ukisubiri kidogo kila moja. Itakayoiangusha RCD ndo laini yenye uvujaji. Chomoa vifaa vyote vya laini hiyo, rudia kimoja kimoja. Hapa kuchomoa ni muhimu kuliko mahali pengine popote kwa sababu swichi za soketi nyingi zinakata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeunganishwa, na uvujaji unaweza kupita hukohuko. Washukiwa wa kwanza ni vitu vyenye koili ya joto, birika, pasi, hita, na friji zile zinazoyeyusha barafu zenyewe, hizi zinawasha koili yake kila baada ya masaa kadhaa ndo maana unakuta RCD inashuka saa tisa usiku watu wote wamelala na hakuna aliyegusa kitu.

Andika saa na hali ya hewa kila inapokata. Ikiwa ni mvua ikinyesha, nenda moja kwa moja kwenye taa za nje, taa za geti, kengele ya geti na pampu ya kisima. Taa za ukuta wa nje maji huingia kupitia tundu la juu, yanatuama chini ya holda, na jua likiwaka yanakauka na ushahidi unapotea, kwahiyo kaikague mvua ikishakatika tu, meni ikiwa chini.

Kuna hali moja inawachanganya hata mafundi, umeshusha breka zote ndogo na bado RCD haipandi. Watu wanakimbilia kusema RCD mbovu. Inaweza kuwa mbovu kweli, lakini breka ndogo za kawaida zinakata waya wa moto tu, kwahiyo kama nyutro ya laini yoyote inagusana na ethi, RCD inaweza kuendelea kuona tofauti hata breka zikiwa chini. Njia ya kuthibitisha ni kuzima umeme wote unaoingia, kutoa nyutro moja moja kwenye baa yake na kujaribu. Hapo mwenye nyumba unasimama, unamuita fundi mwenye leseni ya EWURA na unamwambia hivi hivi nilivyoandika. Mwambie pia aje na mega, ile mashine ya kupima ganda la waya kwa volti 500. Vifaa vyote vikiwa vimechomolewa laini nzima isome zaidi ya megaohm 1, ikisoma chini ya hapo waya una jeraha mahali.

Jambo ambalo naomba sana usilikubali ni fundi kuiruka RCD, yaani kuunganisha waya moja kwa moja ili "isisumbue". Ile ndo kitu pekee kwenye nyumba kinachoweza kumuokoa mtoto aliyeshika waya uliochubuka.

Bomba au friji linapiga

Ukigusa bomba la shawa ukasikia kama sindano, usiseme ni kidogo. Zima hita kwenye swichi yake na isitumike mpaka ijulikane.

Kwa sisi tunaotumia maji ya kisima hasa huku Dar na pwani yenye chumvi, hita nyingi za shawa zina koili iliyo wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida yasiyo na chumvi. Uvujaji kupitia maji unaongezeka, RCD inakata kila mtu akifungua bomba, mwenye nyumba anachoka, fundi anairuka RCD, na kuanzia siku hiyo familia inaoga chini ya umeme bila kinga yoyote. Ukiwa na maji ya namna hii tafuta hita ambayo koili yake imefungwa ndani ya bomba la chuma, au hita ya tenki, na kama huwezi kwa sasa basi chemsha maji kwa jiko. Ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye hita lazima ufungwe kwenye ethi, sio kukatwa na kuviringishiwa solatepu, wengi ninaowaona wamefanyiwa hivyo.

Friji au mashine ya kufulia ikipiga, kifaa kina uvujaji na ethi yako haifanyi kazi, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu ethi ingekuwa nzima umeme ule ungekimbilia ardhini na RCD ingekata kabla hujagusa. Kwenye nyumba isiyo na ethi RCD inasubiri mpaka mtu aguse, yeye ndo anakuwa njia ya kwenda ardhini. Na kile kibatani cha T kinakudanganya hapa, ukikibonyeza RCD ikashuka unajua RCD inafanya kazi (bonyeza angalau mara moja kwa mwezi), lakini hakikuambii chochote kuhusu ethi, kitashusha hata kwenye nyumba ambayo haijawahi kuwa na ethi.

Pima kwenye soketi kwa mita. Waya wa moto na nyutro isome karibu 230. Waya wa moto na ethi nayo isome karibu hivyohivyo. Nyutro na ethi iwe karibu sifuri, volti chache tu. Ukikuta moto na ethi inasoma 60 au 110 au inayumbayumba, ethi inaelea, haijaunganishwa popote. Kosa linaweza kuwa kwenye soketi moja, jaribu na nyingine, zote zikiwa hivyo nenda nje kwenye fimbo ya ethi uangalie ile klampu, mara nyingi imeliwa na kutu au kuna mtu kaung'oa waya akiuza kopa. Mita ikisoma vizuri bado haijathibitisha kwamba ethi inabeba mzigo wa kweli, hiyo inapimwa na kipima ethi chenyewe, na ipimwe kiangazi udongo ukiwa umekauka, sio masika.

Soketi inapata moto, plagi inayeyuka

Harufu ndo inaanza, harufu inayofanana na shombo ya samaki ukutani ambako hakuna samaki, ni ile plastiki ngumu ya soketi ikipata joto. Usiipulizie airfreshener, tafuta ni wapi.

Plagi zetu za pini tatu mraba zina fyuzi ndani, kubwa kabisa ni ya ampea 13, ambayo kwa 230 ni kama wati 2,990. Ekstensheni yenye birika la wati 2,200 na pasi ya 1,200 kwa pamoja imeshavuka hapo, na breka ya 20 au 32 haitajali kwa sababu kwake huo ni mzigo wa kawaida. Fyuzi ndo ingekata, sasa kama kuna mtu ameweka msumari au karatasi ya sigara badala ya fyuzi, kinachobaki kuungua ni ekstensheni yenyewe.

Lakini sababu kubwa kuliko zote ni skrubu iliyolegea. Chomoa plagi uangalie pini, ile iliyobadilika rangi kuwa kahawia au ya bluu inakuonyesha upande. Kama pini zinaingia kirahisi bila kubanwa, vibanio vya soketi vimechoka, soketi inabadilishwa, haitengenezwi. Ukifungua kuibadilisha kata ule mwisho wa waya ulioungua mpaka ufike kopa inayong'aa, kopa nyeusi haishiki vizuri hata ukibana vipi, na ukishabana vuta kila waya kwa mkono kuona kama unatoka.

Taa zinafifia, au zinawaka kupita kiasi

Taa moja ikichezacheza ni balbu au holda. Chumba kizima, ni kiungio, tafuta kwenye boksi la dari waya uliosokotwa kwa mkono na solatepu badala ya konekta. Nyumba nzima zikififia pampu inapowaka, uliza jirani kwanza, kama kwake iko hivyohivyo laini ya mtaa imezidiwa, toeni taarifa TANESCO kwa pamoja. Kama ni kwako tu inaweza kuwa nati ya waya mkuu imelegea. Mita ikisoma chini ya 200 hivi zima friji na AC, mota zake zinaungua zikilazimishwa.

Ila kuna dalili moja hii usifanye uchunguzi wowote, ukiona taa baadhi zinang'aa kuliko kawaida, feni inakimbia, jirani yako mmoja anasema kwake zimefifia, shusha meni papo hapo. Hiyo ni nyutro ya laini imekatika. Laini ya mtaa ina fezi tatu, yaani waya tatu za moto, na kati ya fezi na fezi ni volti 400, nyutro ikikatika nyumba zinagawana hizo 400 bila mpangilio, mwingine anapata 120 mwingine 300, na kwa dakika chache televisheni, chaja na friji za mtaa mzima zinakwenda. Friji gadi inasaidia kwa friji. Kwa nyumba nzima kuna kifaa kinachofungwa kwenye meni kinachokata volti ikizidi au ikipungua, na kwa mtaa wenye historia hiyo naona ni hela iliyotumika vizuri.

Nyutro ikikatika ndani ya nyumba yako dalili ni tofauti, vitu havifanyi kazi lakini testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Mtu anasema "umeme upo, upo hadi umezidi". Haujazidi, ule moto umepita ndani ya kifaa kilichowashwa ukakwama kwenye nyutro isiyokwenda popote. Ndo maana nimesema testa peke yake inadanganya, mita ungeweka kati ya matundu mawili ingesoma sifuri au namba ya ajabu.

Balbu za LED zinawaka kidogo zikizimwa

Swichi yenye kitaa kidogo ndani inapitisha umeme mdogo unaotosha kuiamsha LED, hiyo haina hatari, badilisha swichi. Ila kama swichi haina kitaa, zima, alafu pima pale kwenye holda, ukikuta kuna moto basi fundi alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Lazima irekebishwe, maana siku unabadilisha balbu ukijua umezima, holda ina 230.

Feni inaunguruma haizunguki

Isukume kwa kijiti kikavu, ikianza kuzunguka yenyewe ni kapasita. Ni ya bei ndogo, nunua yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za zamani. Ikisukumwa ikakwama ni bearingi.

LUKU inakula unit

Kabla ya kulaumu mita soma risiti ya tokeni. Kodi ya majengo inakatwa humo tangu Agosti 2021, na kama mwezi uliopita hukununua umeme inakusanyika, kwahiyo hela ileile inaleta unit chache bila mita kuwa na kosa.

Baada ya hapo tumia kile kitaa chekundu kinachopepesa kwenye mita. Usoni pameandikwa mfano 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 umetumia unit moja. Shusha meni nzima, kikiendelea kupepesa piga simu TANESCO. Kikikaa kimya, pandisha meni, chomoa vitu vyote na zima taa, ukiacha breka ziko juu. Kikipepesa mara moja kila sekunde 36 kuna wati 100 zinakwenda mahali usipopaona, na wati 100 usiku na mchana kwa siku 30 ni unit 72, wakati mtumiaji mdogo wa nyumbani anatakiwa asizidi unit 75 kwa mwezi. Shusha breka moja moja mpaka kinyamaze, umeipata laini.

Kwenye nyumba isiyo na RCD ni uvujaji wa kwenda ardhini, waya uliofukiwa kwenda getini au kisimani mara nyingi. Kwingine ni hita ya tenki ambayo themostati imeganda haizimi. Na pampu: kama inaendeshwa na presha, sikiliza usiku kimya kikiwa kimetanda kama inawaka kila baada ya muda na hakuna aliyefungua maji. Ikiwaka, nenda chooni ukatie rangi kidogo kwenye tenki la kuflashia usiflashi, ikitokea rangi kwenye bakuli basi mpira wa chini hauzibi, pampu inajaza maji yanayomwagika usiku kucha, na unit zako zinaishia hapo.